Turubai la bwawa si la kupasha maji tu

"Tanga na joto hili, turubai la jua la nini?" Wengi wenye bwawa la kuogelea nyumbani hudhani kazi ya turubai hili, yaani plastiki yenye viputo vya hewa inayotandazwa juu ya maji, ni kuyapasha tu. Kumbe kubwa zaidi ni kuzuia maji yasigeuke mvuke. Upepo wa bahari unaopiga Raskazone, mtaa wa pwani jijini Tanga, huyakausha haraka, na kila yanapopungua unalipia mengine.

Viputo vielekee chini, viguse maji. Ukimwaga klorini nyingi, liondoe kwanza, maana huila plastiki. Ukishalikunja, usiliache juani: joto hujikusanya kati ya mikunjo, likaharibika pasipo hata kutumika.

Na jamani, si kifuniko cha usalama. Mtoto akilikanyaga huzama, nalo likamfunika asionekane.