Sindano haizibui friji ya gesi: dhana potofu zinazorudi kila msimu wa safari

"Fundi, nimeizibua kwa sindano lakini bado haiwaki." Maneno hayo husikika Mbeya na Iringa kila kipupwe kinapoingia na trela za kambi zinaanza kupita Tunduma kuelekea hifadhi za Kitulo na Ruaha. Anayeyasema kwa kawaida ni dereva au mpishi wa safari, mtu makini kabisa, na sindano yenyewe bado anayo mfukoni. Ameshaharibu kitu kilichokuwa kizima.

Kitu hicho ni pua ya bana, yaani ya kichomeo cha gesi cha friji: kipande kidogo cha shaba kinachokaa mwanzoni mwa bana, na kitundu chake hakifiki nusu milimita. Kitundu hicho ndicho kipimo cha gesi. Hakuna koki nyingine mbele yake inayosahihisha makosa. Ukikipanua kwa moja ya tano tu, upana ambao jicho halioni, gesi inayopita huongezeka kwa asilimia 44, maana eneo la kitundu huenda kwa mraba wa kipenyo chake. Matundu ya hewa ubavuni mwa bana yamebaki yaleyale. Gesi imezidi, hewa haijaongezeka, na moto uliopaswa kuwa wa bluu unageuka wa njano, mrefu, unaolamba kuta za bomba la moshi na kuacha masizi.

Dhana hii haifi kwa sababu sindano huonekana imefaulu. Ukishachokonoa, friji inawaka, hata kwa ukali kuliko zamani, na mwenye trela anaondoka akisifu. Siku 2 au 3 baadaye masizi yamejaa kwenye kile kibati kilichosokotwa ndani ya bomba la moshi, mvuto wa hewa umekufa, moto unajizima wenyewe, na maziwa yameganda yakiwa ndani ya friji. Hapo sindano inatolewa tena. Mara ya tatu kitundu si duara tena, ni yai, na moto unaelekea upande mmoja. Wakati huo bana chafu inatoa hewa ya sumu isiyo na harufu, na watu wamelala humo humo ndani ya trela, madirisha yamefungwa kwa sababu ya baridi ya milima ya Uporoto. Hilo si jambo la kuchezea hata kidogo.

La kuudhi zaidi ni kwamba mara nyingi pua haikuwa imeziba. Friji ikikaa miezi bila kuwashwa, buibui hutanda ndani ya bomba la bana, na nyigu wa matope huona matundu ya hewa kuwa nyumba nzuri sana. Trela ikipita njia za vumbi zenye mawimbi, mtikisiko hukwangua kutu ndani ya bomba la moshi, na magamba yake huangukia moja kwa moja juu ya bana. Fungua kifuniko cha nje cha friji, mulika kwa tochi: ukiona unga wa kahawia umelala kwenye mistari ya bana, umeshampata mchawi wako, na pua haijaguswa.

Usafishaji wenyewe una mpangilio, na mpangilio ndio kazi. Funga vali ya mtungi, zima swichi ya friji, acha bana ipoe. Fungua nati ya bomba la gesi kwa spana mbili, moja ishike, nyingine izungushe. Ukitumia moja utasokota bomba la shaba, nalo likipasuka si la kuunga kwa gundi. Toa bana kwanza. Ndipo upande juu, uvute ule waya unaoning'iniza kibati, ukitoe, na kupitisha brashi ya mviringo kwenye bomba la moshi hadi masizi yaache kudondoka. Wengi huanza na bana, wakaing'arisha, wakairudisha, kisha wakapiga brashi juu. Masizi yote yanarudi kwenye bana iliyosafishwa, na kesi inaanza upya. Kumbuka kurudisha kibati katika urefu uleule wa waya; kikishuka mno kinazima moto, kikipanda mno friji haipoi.

Bana yenyewe isugue kwa mswaki mkavu, ndani na nje. Pua iloweke kwenye spiriti kwa nusu saa, kisha ipulize kutoka upande gesi inapotokea, ili uchafu urudi ulikoingilia. Pampu ya baiskeli inatosha. Kompresa ya fundi pancha inatema maji na oili, na ukipulizia hapo umeongeza uchafu mwingine. Inue pua kwenye mwanga: ukiona duara safi, irudishe. Ukiona yai, inunuliwe nyingine yenye namba ileile iliyochongwa ubavuni mwake. Namba si pambo. Pua ya jiko au ya friji ya kampuni nyingine haikai hapo, hata kama nyuzi zinakubali. Kaza nati bila utepe mweupe wa mabomba ya maji, fungua gesi, paka povu la sabuni kwenye kila kiungo ulichogusa. Povu likivimba, rudi nyuma.

"Friji imeisha gesi, ijazwe." Hapa lugha yetu inatuponza, kwa kuwa neno ni moja na vitu ni viwili. Gesi ya mtungini ni kuni. Kinachobaridisha ni amonia, maji na hidrojeni vilivyofungiwa ndani ya mabomba ya chuma yaliyochomelewa kiwandani. Mfumo huo uliobuniwa na Waswidi wawili, Baltzar von Platen na Carl Munters, mwaka 1922, hauna kompresa wala vali ya kujazia. Fundi wa friji za umeme anayekuja na mtungi wake wa kujazia hana pa kuuchomeka. Akikuambia amepaona, mzuie kabla hajatoboa. Mfumo ukivuja kweli utajua: harufu kali inayochoma pua na unga wa njano kwenye mabomba ya nyuma. Hapo mfumo mzima wa mabomba ya nyuma hubadilishwa. Lakini friji isiyowaka haihusiani na hayo yote. Moto hauulizi amonia ipo au haipo.

"Nimebonyeza, haikuwaka, basi mtungi hauna kitu." Mtungi ukishabadilishwa, mpira na mabomba yamejaa hewa, na kupitia kitundu kile hewa hutoka polepole mno. Washa jiko la trela kwanza mpaka moto wake utulie, ndipo uende kwenye friji. Hata hapo, kwa friji ya kuwasha kwa mkono, shikilia kitufe huku ukipiga cheche kwa dakika 1 au 2. Isipowaka, achia, subiri dakika 5 gesi itawanyike, anza tena. Gesi hii ni nzito kuliko hewa, inatambaa chini. Usiendelee kupiga cheche kwa hasira.

Na moto ukishawaka, usiachie kitufe. Kuna kijiti cha chuma kinachokaa ndani ya ncha ya moto, thamokapo, ambacho kikipata joto huzalisha umeme mdogo sana wa kushikilia vali ya usalama wazi. Kinahitaji sekunde 15 hadi 30. Ukiachia ya tano moto unazima, na lawama inamwangukia muuza gesi. Ukishikilia nusu dakika nzima na bado unazima, angalia ncha ya thamokapo: imezama motoni, au imepinda pembeni? Ina masizi? Isugue kwa msasa laini. Kisha shika kile kiungo chake nyuma ya vali, kaza kwa vidole, ongeza robo ya mzunguko kwa spana, basi. Anayekikaza kama nati ya gurudumu anaua kiungo.

"Inatumia gesi, betri ya nini?" Friji za kisasa za kujiwasha zina kibao cha umeme kinachofungua vali ya gesi na kupiga cheche, na kibao hicho hula volti 12. Betri ikilala, hakuna gesi wala cheche, hata mtungi ukiwa umejaa pomoni. Pima volti pale kwenye kibao, sio kwenye betri, kwa sababu waya wa mwili wa trela hushika kutu na kula nusu ya umeme njiani. Friji hizi zikijaribu mara kadhaa bila kupata moto hujifunga na kuwasha taa ya onyo. Zima, subiri dakika chache, washa upya. Ukisikia tik tik lakini huoni cheche, tazama nafasi kati ya ncha ya cheche na bana: iwe milimita 3 hadi 5, na kaure yake isiwe na ufa.

"Regulata ni regulata." Hapana. Ile ya presha kubwa yenye kishikio cha kuzungusha, inayotumiwa na mama lishe kwenye bana za masufuria makubwa, ikifungwa kwenye trela inapasua vali ya friji, au inatoa moto unaoruka juu ya bana na kuzimika. Friji nyingi za trela zinataka presha ya takriban milibari 28 hadi 30. Zipo za Ujerumani za zamani zinazotaka 50, ndiyo maana kuna kibandiko ndani ya mlango. Kisome. Kupima hakuhitaji kifaa cha bei: mpira mwangavu uliokunjwa kama herufi U, una maji nusu, upande mmoja umeunganishwa kwenye njia ya gesi na jiko likiwa linawaka. Tofauti ya kimo cha maji ikifika sentimita 28 hadi 30, regulata yako ni nzima. Ikishuka hadi 20 jiko linapowaka, ni regulata iliyochoka au mpira uliojikunja. Mtungi usimame wima, sio kulazwa chini ya kitanda; ukilazwa, gesi ya maji inaingia kwenye regulata, na huko haitakiwi.

Sasa kuna hii ya wenyeji wetu: "Mbeya ni juu mno, gesi haishiki." Ina ukweli nusu, na nusu hiyo ndiyo inayoipa miguu. Mji uko kwenye mita 1,700 hivi, na uwanda wa Kitulo unapita mita 2,600. Hewa ni nyembamba, oksijeni inayoingia kwenye bana ni pungufu, na baadhi ya watengenezaji huonya katika vitabu vyao kwamba kuanzia kimo kama cha Mbeya moto unaweza kusumbua. Bana iliyo safi huwaka Mbeya na Njombe bila shida. Kinachotokea ni kwamba uchafu uliovumilika Bagamoyo hauvumiliki Uporoto. Na anayepanua pua eti kwa sababu ya mwinuko anafanya kinyume kabisa: hewa imepungua, yeye anaongeza gesi.

Baridi ni shauri jingine. Gesi ya mitungi inayouzwa kwetu ni mchanganyiko wa propani na butani. Propani hugeuka mvuke hata kwenye nyuzi 40 chini ya sifuri. Butani hukoma karibu na sifuri. Mtungi uliotumika hadi robo, ukilala nje Kitulo au Makete usiku wa Julai wenye sakitu, asubuhi una uzito lakini hauna presha. Ukiutikisa unasikia maji yake, ukiwasha hupati moto. Uweke kwenye jua, au umwagie maji ya uvuguvugu ubavuni. Jiko la mkaa chini ya mtungi, hapana, hata kwa dakika moja.

"Imewaka saa nzima, haina baridi, mbovu." Friji ya namna hii si ya kompresa, huchukua saa 6 hadi 8 kushika baridi vizuri, na siku nzima ikiwa umeijaza soda za moto. Iwashe jana yake, ikiwa tupu, na trela ikiwa imekaa sawa. Weka pima maji kwenye sakafu ya chumba cha barafu, siyo kwenye meza ya trela, kwa kuwa meza hudanganya. Amonia hushuka kwa uzito wake tu, haisukumwi; kwenye mteremko hukwama, mabomba ya nyuma huchemka makavu, na friji ikiachwa hivyo siku nyingi hufa kabisa huku moto wa bana ukiwa mzuri wa bluu. Ukiegesha pale kwenye miteremko ya Igawilo, ni bora uchimbe chini ya gurudumu moja kuliko kuhesabu kwamba usiku ni mfupi. Na ukiingia sheli, zima moto wa friji kabla hujafika kwenye pampu.