Necta haipangi shule

Uchaguzi wa kidato cha tano ukitoka, pale sokoni Mwanga, Kigoma, hukosi kusikia: "Necta wamemtupa mwanangu Mtwara!" Hapana, mama. Necta, yaani Baraza la Mitihani, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1973 baada ya Tanzania kujitoa kwenye baraza la Afrika Mashariki, linatunga mitihani, linasahihisha na kutoa vyeti. Liko chini ya Wizara ya Elimu, ila lina Katibu Mtendaji wake. Anayempangia mtoto shule ya serikali ni TAMISEMI, ofisi nyingine kabisa, ile ya Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa. Ile barua ya kuomba uhamisho (nimeiona moja, mwandiko safi, mhuri wa kijiji umekolea) ukiipeleka Necta umegonga mlango wa jirani.