Je, wajua kwa nini milioni 26 za kugandishwa baada ya kufa hazimfai mtu wa Lamu?

Lamu mtu akifa asubuhi, mara nyingi alasiri ameshazikwa. Marekani wapo wanaolipa ili wasizikwe kabisa: miili yao hutiwa katika nitrojeni kimiminika, nyuzi 196 chini ya sifuri, kungoja sayansi itakayowarudishia uhai. Wa kwanza, profesa James Bedford, aligandishwa Januari 1967 na bado kahifadhiwa. Hajaamshwa hata mmoja. Hukumu ya dini nawaachia masheikh. Mimi hapa nahesabu pesa.

Alcor, taasisi ya Arizona, hutoza zaidi ya dola 200,000 kwa mwili mzima, karibu shilingi milioni 26. Kichwa peke yake ni kama dola 80,000. Cryonics Institute ya Michigan huanzia dola 28,000, ila usafiri wa maiti ni juu yako. Wengi hukata bima ya maisha, taasisi ikaandikwa kuwa ndiyo itakayolipwa, kwa hiyo kijana mzima wa afya haoni uzito wake mwezi kwa mwezi.

Lakini pesa hizo zinanunua nini? Samaki changu akikaa friza siku nyingi, akiyeyuka nyama hulegea na maji humtoka, kwani barafu imepasua seli zake. Ndiyo maana wataalamu huondoa damu na kuingiza dawa inayozuia barafu isijijenge mwilini. Si ndoto tupu: mwaka 2023 watafiti wa Chuo Kikuu cha Minnesota walieleza jinsi walivyohifadhi figo za panya kwa njia hiyo hadi siku 100, wakazipasha joto na kuzipandikiza, zikafanya kazi. Ila figo ya panya ni kitu kidogo mno. Kupoza na kupasha ubongo wa mtu kwa kasi iliyo sawa kila pembe ni kazi nyingine kabisa.

Na ubongo hausubiri. Damu ikisimama, seli zake huanza kuharibika ndani ya dakika chache. Kwa hiyo wenye mpango huu hutaka timu iwe kando ya kitanda kabla roho haijatoka. Sasa mchukue marehemu wa Mkomani, mtaa wa Lamu: boti hadi Manda, ndege hadi Nairobi, vibali, kisha bahari nzima hadi Marekani. Barafu ya wavuvi itachelewesha kuoza, haitaokoa kumbukumbu.

Kuna na la taasisi yenyewe kudumu. Huko Chatsworth, California, miaka ya 1970, jamaa waliacha kulipa, pesa zikaisha, maiti zikayeyuka kaburini zilimohifadhiwa.

Mambo haya huzidishana, hayajumlishwi. Tuseme upozaji, dawa, taasisi na sayansi ya kesho kila kimoja kina nafasi nusu kwa nusu: jibu ni moja kwa kumi na sita. Anayeishi jirani na Alcor, mwenye pesa za kuchezea, anaweza kuikubali bahati nasibu hiyo. Kwa anayefia Lamu, upozaji wa mapema ni karibu na sifuri, na sifuri ukiizidisha kwa chochote, hata kwa milioni 26, hubaki sifuri.