Helmeti inayobana mashavu si lazima iwe ndogo

Kwenye vijiwe vya bodaboda hapa Dodoma, kuanzia Majengo hadi Ihumwa, utasikia: "Chukua iliyolegea kidogo, mjini hapa joto." Ndiyo maana helmeti nyingi za uso mzima zinacheza vichwani kama sufuria kwenye mafiga mabovu.

Helmeti mpya inatakiwa ibane mashavu. Sponji yake hulainika kwa matumizi, kwa hiyo iliyolegea dukani italegea zaidi barabarani. Cha kukataa ni maumivu ya sehemu moja, hasa kwenye paji la uso: hapo umbo lake halikufai, jaribu nyingine. Pima kichwa kwa futi ya fundi cherehani, juu kidogo ya nyusi, kisha ivae palepale dukani dakika kumi hivi (muuzaji atanuna, mwache). Funga mkanda, mwenzako aisukume kutoka kisogoni kwenda mbele. Ikivuka kichwa, iache.

Kuhusu joto, tafuta yenye matundu ya hewa yanayofungika, maana vumbi letu la Agosti halina adabu. Michoro huongeza bei tu. Ila mtumba siushauri: povu gumu la ndani likishapondwa kwenye ajali halirudi, na kwa nje ganda linaweza kung'aa kama jipya.