Skrini ya gari: iendeshwe na simu au na gari lenyewe?

Watu wengi hudhani kwamba wakichomeka simu na ramani ikatokea kwenye dashibodi, programu imehamia garini. Haijahamia. Simu ndiyo inayochora ramani, inaigeuza kuwa video na kuituma kwenye skrini. Ukigusa kioo, gari huiarifu simu mahali ulipogusa. Simu huchora upya na kutuma picha nyingine. Hii ndiyo sababu kebo isiyo na nyaya za data itachaji simu vizuri tu, lakini CarPlay (ya iPhone) au Android Auto (ya simu za Android), mifumo inayoleta simu kwenye skrini ya gari, haitafunguka. Bila kebo, Bluetooth husaidia vifaa kutambuana, kisha mzigo wa picha hubebwa na Wi-Fi. Simu ikipata moto sana juani, picha nayo huanza kukwama.

Mfumo uliojengwa ndani ya gari ni habari nyingine kabisa. Hapa majina yanachanganya wengi: Android Auto hutegemea simu, ilhali Android Automotive ni mfumo kamili unaoendesha skrini ya gari hata simu ikiwa nyumbani. Gari la umeme la Polestar 2, mwaka 2020, ndilo lililotangulia kuja nao ukiwa na huduma za Google ndani yake.

Kwa gari la umeme, mfumo wa ndani una hoja nzito. Unajua betri imebaki na chaji kiasi gani na mlima ulio mbele utakula kiasi gani. Ukiuelekeza kwenye kituo cha kuchaji haraka, unaweza kuanza kupasha betri moto njiani ili ipokee umeme kwa kasi ukifika. Simu haiyajui hayo mpaka mtengenezaji wa gari akubali kuipa taarifa za betri, na wengi hawajakubali. General Motors, watengenezaji wa magari wa Marekani, walitumia hoja hiyo mwaka 2023 walipotangaza kuondoa CarPlay na Android Auto kwenye magari yao mapya ya umeme.

Hoja ni ya kweli, lakini uamuzi wao siukubali. Mfumo wa ndani ungeweza kushika mambo ya betri huku simu ikiachiwa muziki, ujumbe na ramani za kila siku. Atakayebanwa ni mwenye gari, kwa sababu gari hudumu miaka 15 au zaidi, na chipu ya skrini yake ni ileile iliyofungwa kiwandani. Simu hubadilishwa kila baada ya miaka michache, na kila ukibadilisha, skrini ya gari inapata nguvu mpya bila fundi kugusa kitu. Modemu ya gari, yaani kifaa kinacholiunganisha na mtandao wa simu, nayo huzeeka: Marekani ilipozima mitandao ya 3G mwaka 2022, magari mengi yaliyoitegemea yalipoteza huduma zake za intaneti, mengine hata uwezo wa kuita msaada yenyewe baada ya ajali.

Kwa hiyo unapokagua gari, kaa kwenye kiti cha dereva bila kuunganisha simu. Tafuta njia, washa redio, piga rivasi uone kamera inachelewa kiasi gani. Uliza huduma za mtandao ni za bure kwa muda gani, na zikiisha ni kipi kitakachozimika. Kisha unganisha simu yako na urudie. Gari lisilokuruhusu kufanya hatua hiyo ya mwisho, mimi ningelidai punguzo.