Bando haliliwi na masasisho, linaliwa na kuyapakua mara ishirini

Anayetunza kompyuta za shule, ofisi au kafe ya intaneti hapa Uganda ameshaambiwa: “Zima masasisho, yanakula bando.” Utayasikia hayo Arua, utayasikia Mbarara, na kwa bei ya data tunayolipa, pamoja na ushuru wa asilimia 12 ulioanza Julai 2021, simlaumu anayeyasema. Ila anabana pasipostahili kubanwa. Tuseme sasisho la mwezi la Windows lina GB 1 na maabara ina kompyuta 20. Bando halimalizwi na ile GB 1. Linamalizwa na kompyuta zote 20 kuifuata faili ileile, kila moja kivyake.

Dawa imo ndani ya Windows 10 na 11 zenyewe, inaitwa Delivery Optimization. Kompyuta moja ikishapakua, nyingine huchukua vipande vya faili kutoka kwake kupitia mtandao wa ndani, na kila kipande hukaguliwa kabla ya kutumika. Iwashe kwenye mipangilio, kisha chagua vifaa vya mtandao wako wa ndani pekee. Ukiruhusu na vya kwenye intaneti, bando lako litawahudumia watu usiowajua.

Wengi huiwasha na wasione nafuu yoyote, na mara nyingi sababu iko karibu. Pengine Wi-Fi imewekwa kama mtandao wa kulipia kwa kipimo (“metered connection”). Hapo Windows haigawi kitu. Pengine kila kompyuta ina modemu yake, kwa hiyo hazitambuani kuwa ziko sehemu moja. Laptopu inayotumia betri kwa kawaida haigawi, na zenye RAM chini ya GB 4 huachwa nje ya mgao. Tena faili huhifadhiwa siku 3 tu usipobadilisha mpangilio. Kwa hiyo sasisha kompyuta moja mpaka imalize, nyingine ziwashe siku hiyohiyo au kesho yake. Ukingoja wiki, unapakua upya.

Wapo wanaoacha kusasisha wakisema: “Kompyuta zetu hazina intaneti, na tuna antivairasi.” Hii ndiyo inayonitia hofu zaidi. Machi 14, 2017 Microsoft ilitoa sasisho la kuziba tundu katika mfumo wa kushirikiana faili. Mei 12, karibu miezi miwili baadaye, WannaCry, programu hasidi inayofunga faili na kudai fidia, ikapitia tundu hilohilo na kufunga zaidi ya kompyuta 200,000 katika nchi takriban 150, zikiwemo za hospitali za Uingereza. Ikishaingia kwenye kompyuta moja, ilirukia nyingine kwenye mtandao wa ndani bila mtu kubofya chochote. Laptopu moja iliyotoka nyumbani ingetosha kuiangusha ofisi nzima. Na ofisi yenye rekodi za wanafunzi au wagonjwa inawajibika kuzilinda chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya 2019. Kompyuta isiyo na intaneti nayo husasishwa: pakua faili kutoka Microsoft Update Catalog, tovuti ya masasisho ya Microsoft, kwenye mashine nyingine, uilete kwa flashi.

Wapo pia wanaodhani kompyuta zilizofungiwa tangu likizo ya Desemba zitadai sasisho la kila mwezi uliopita. Hapana. Masasisho ya kila mwezi ya Windows ni limbikizi, la mwisho limebeba yaliyotangulia. Hutoka Jumanne ya pili ya mwezi, saa mbili au saa tatu usiku kwetu.

Je, yakitoka yawekwe kote usiku huohuo? Mimi sikubaliani na haraka hiyo. Julai 19, 2024 sasisho bovu la programu ya usalama ya kampuni ya CrowdStrike, wala si la Windows yenyewe, liliangusha kompyuta milioni 8.5 kwa mkupuo. Weka kwenye moja au mbili kwanza, jaribu printa na programu ya uhasibu, kisha endelea na zilizobaki. Windows hukuruhusu kuahirisha hadi wiki 5, muda unaotosha sana. Na kama umeme wa mtaa wenu hukatika ovyo, usianze kabla ya kuhakikisha UPS (betri ya akiba ya kompyuta) ina chaji.

“Yangu inasema haina sasisho jipya, basi iko sawa.” Angalia ni Windows gani. Msaada wa kawaida wa Windows 10 uliisha Oktoba 14, 2025, na ukimya wake haumaanishi usalama. Upo msaada wa nyongeza. Kwa taasisi za elimu Microsoft ilitangaza dola 1 kwa kompyuta katika mwaka wa kwanza. Mashine isiyoweza kubeba Windows 11 inaweza kupewa Ubuntu LTS, mfumo wa bure wa Linux unaochukua nafasi ya Windows, wenye miaka 5 ya masasisho. Huko nako usipakue mara ishirini: weka apt-cacher-ng, programu inayohifadhi vilivyopakuliwa, kwenye kompyuta moja, zielekeze nyingine kwake kupitia mlango (port) wa 3142, na kifurushi cha programu kilichopakuliwa na ya kwanza kitatolewa hapohapo kwa zinazofuata.