Majibu ya HSV-2 yanapokuwa chanya dhaifu

Wengi wanaokuja kwangu na majibu ya kipimo cha damu cha HSV-2, kirusi cha malengelenge ya sehemu za siri, huwa wameshalia kabla hawajafika. Karatasi huwa imekunjwa mara nne, na ikikunjuliwa juu ya meza kidole huenda moja kwa moja kwenye neno "chanya". Mimi hutafuta kwanza namba iliyoandikwa pembeni yake, kwa sababu katika kipimo hiki namba hueleza mengi kuliko neno.

Kipimo kinachotumika zaidi hakitafuti kirusi chenyewe. Hutafuta kingamwili za IgG ambazo mwili hutengeneza dhidi ya glikoprotini G, protini iliyo juu ya kirusi, ambayo hutofautiana kati ya aina mbili za kirusi cha malengelenge, HSV-1 na HSV-2, na hivyo kuwezesha aina hizo mbili kutenganishwa. Mashine hupima nguvu ya mwitikio huo, na kwa kawaida chini ya 0.9 huhesabiwa hasi, kati ya 0.9 na 1.1 hayaamuliki, na zaidi ya 1.1 huandikwa chanya. Tatizo liko hapo: mwenye 1.4 na mwenye 8 huandikiwa neno lilelile, ilhali mimi siwezi kuwapa maelezo yaleyale. Miongozo ya mwaka 2021 ya CDC, taasisi ya Marekani ya kudhibiti magonjwa, inaeleza kwamba chanya ya uongo hutokea mara nyingi kati ya 1.1 na 3.0, na inataka majibu ya namna hiyo yathibitishwe kwa mbinu ya pili kabla ya kutafsiriwa.

Hesabu ndogo husaidia kuelewa. Tuchukulie watu 1,000 wasio na dalili, 40 kati yao wakiwa na HSV-2, na kipimo kinachokosea kwa watu 5 katika kila 100 wasio nayo. Hata kama kitawanasa wote 40, kitawaita chanya pia watu 48 kati ya wale 960 wasio na maambukizi. Zaidi ya nusu ya waliotoka na karatasi ya chanya watakuwa wamebebeshwa ugonjwa ambao hawana. Ndiyo maana sipendi kipimo hiki kifanywe kwa mtu asiye na dalili wala sababu mahususi, na ninayempima humweleza udhaifu wake kabla damu haijatolewa.

Kurudia kipimo kilekile si kuthibitisha, kwani kilichokidanganya mara ya kwanza huweza kukidanganya tena. Kinachotegemewa ni westani bloti, ambayo hutenganisha protini nyingi za kirusi kwenye ukanda mmoja na kuangalia ni zipi kingamwili za mgonjwa zinazishika, badala ya kutegemea protini moja. Haipatikani kila maabara. Muda nao una uzito wake: kingamwili huchelewa kujitokeza, kwa hiyo aliyepimwa mapema baada ya kukutana na hatari apimwe tena wiki 12 zikishatimia. Kipimo cha IgM, aina nyingine ya kingamwili, hakifai kwa kazi hii, maana hakitofautishi aina za kirusi na kinaweza kuwa chanya hata maambukizi ya zamani yanapojirudia.

Anayesubiri uthibitisho namsihi sana asimshutumu mwenzake. Hata chanya ya kweli haisemi maambukizi yalipatikana lini wala kwa nani, kwa kuwa mtu huweza kukaa na HSV-2 miaka mingi bila kujua. Na ikiwa katika kipindi hicho kitatokea kipele chenye maji au kidonda, asikipake dawa na kungoja kikauke. Aje siku hiyohiyo, kingali kibichi, tukipanguse kwa pamba na kupeleka sampuli kwenye kipimo cha PCR, ambacho hutafuta vinasaba vya kirusi chenyewe na kueleza ni cha aina gani.